Jibu: Mazoezi na vijana enzi za korona

Dada, umeuliza kama mazoezi yaliwasaidia kweli vijana na msongo wa mawazo wakati wa korona, au ni maneno tu. Yanasaidia. Shule za Tanzania zilipofungwa Machi 2020 hadi Juni, vijana hawakukosa masomo peke yake: walikosa chandimu ya jioni, kutembea hadi kituoni, na wenzao. Mwili ukilala tu kutwa, usingizi wa usiku unavurugika, na hasira haziko mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Jimu ya nini? Kwa Dar es Salaam, kuruka kamba uani Manzese kunatosha, au kukimbia Coco Beach alfajiri kabla watu hawajajaa. Ila asiyekula wala kuongea na mtu wiki nzima, mpeleke hospitali, usimwambie akakimbie.