Hakuchaguliwa kwenye drafti: je, mchezaji wa safu ya mbele ya ulinzi anaweza kubaki NFL?

Swali: Mtoto wa kaka yangu alizaliwa hapa Columbus, Ohio, na wazazi waliotoka Lubumbashi. Chuoni alicheza katikati ya safu ya mbele ya ulinzi katika futiboli ya Kimarekani. Raundi zote 7 za drafti, yaani zamu ambazo timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huchagua wachezaji kutoka vyuoni, zilipita bila jina lake kutajwa, lakini baadaye timu moja ya ligi hiyo ikazungumza na wakala wake na sasa amesaini. Je, ana nafasi ya kweli ya kubaki, au anapoteza muda?

Jibu: Mama, nafasi anayo, ingawa ni finyu. Kila moja ya timu 32 huingia kambini na wachezaji wapatao 90, na mwishoni mwa Agosti sharti ibakize 53. Kijana aliyechaguliwa mapema akicheza vibaya husubiriwa, kwa sababu waliomchagua wana kila sababu ya kumtetea. Wa kwenu hana mtetezi wa aina hiyo, na kwa hiyo kosa lake litapimwa kwa uzito zaidi kuliko kosa lilelile la mwenzake.

Kinachompa matumaini ni namna kazi yake yenyewe ilivyo. Watu wenye kilo 130 na zaidi wanaosukumana kila mpira unapoanzishwa huchoka haraka, hivyo makocha huwabadilisha mara kwa mara katika mchezo mmoja, na timu hulazimika kubakiza wengi wa safu hiyo, mara nyingi wanane au zaidi ukijumlisha wa pembeni. Kwotabeki, yaani mrusha pasi na kiongozi wa mashambulizi, hubakizwa wawili au watatu tu. Hata hivyo, mchezaji wa akiba mwenye mwili mwepesi huweza kujitetea kwa kukimbia na kukaba mpira wa mateke unapopigwa, jambo ambalo mtu wa uzito wa kijana wenu huombwa kwa nadra. Yeye atahukumiwa karibu kabisa kwa kazi ya safuni.

Hapo ndipo ningependa ukoo uangalie katika mechi za maandalizi za Agosti, hasa kipindi cha pili, wakati wageni, yaani wachezaji wa mwaka wa kwanza, wanapopewa uwanja. Msihesabu mara ngapi amemwangusha kwotabeki. Tazameni mpira unaokimbizwa mkononi katikati badala ya kurushwa, wakati washambuliaji wawili wanapomsukuma kwa pamoja. Akisimama wima, atarudishwa nyuma hatua tatu na njia itafunguka. Akishusha nyonga, akaingiza mikono ndani ya kifua cha mmoja wao na kushikilia pale alipo, mwenzake wa nyuma atabaki huru kumkamata mwenye mpira. Takwimu za mchezo zitampa sifa huyo mwenzake, lakini kocha wa safu, akirudia mkanda, ataona ni nani aliyeifanya kazi. Kwa maoni yangu, uthabiti huo, unaoonekana mchezo baada ya mchezo, una thamani kubwa kwa asiyechaguliwa kuliko tukio moja la kuvutia.

Mifano ipo. John Randle hakuchaguliwa mwaka 1990, wengi wakimwona mdogo mno kwa nafasi hiyo. Akasaini na Minnesota Vikings, akamwangusha kwotabeki mara 137 na nusu katika maisha yake ya mchezo (nusu huandikwa wawili wanapomwangusha pamoja), na mwaka 2010 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa NFL. Damon Harrison alitoka chuo kidogo cha Iowa, William Penn, akasaini na New York Jets mwaka 2012, na jina lake likajengwa hasa na uwezo wa kuzuia mpira wa kukimbizwa. Wa karibu zaidi nanyi ni Andy Mulumba, aliyezaliwa Kongo enzi za Zaire na kukulia Kanada: hakuchaguliwa katika drafti ya NFL mwaka 2013, lakini Green Bay Packers walimbakiza msimu huohuo, baada ya kumhamisha kutoka pembeni mwa safu kwenda nyuma yake. Hawa ni wachache kati ya mamia wanaoachwa kila Agosti, wala sitaki mwaone kuwa kanuni.

Njia ambayo familia nyingi huidharau ni kikosi cha mazoezi, yaani wachezaji wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa katika wale 53, chenye nafasi 16 za kawaida. Akiachwa, timu nyingine zitapewa kwanza fursa ya kumdai. Asipodaiwa, anaweza kusainiwa na timu ileile kwa ajili ya kikosi hicho. Msimu wa 2025 mgeni alilipwa angalau dola 13,000 kwa wiki huko, ilhali kima cha chini cha mgeni katika kikosi cha 53 kilikuwa dola 840,000 kwa msimu. Akiwa huko anaweza kupandishwa kucheza mechi hadi mara tatu kabla ya timu kulazimika kumsaini rasmi, na timu nyingine inaweza kumchukua mradi imwingize katika 53 zake.

Kwa sasa mwulizeni wakala mambo mawili: kiasi gani cha fedha katika mkataba kimehakikishwa, kwa kuwa timu huonyesha hapo jinsi inavyomthamini, na ni wachezaji wangapi wa katikati ya safu ambao tayari wana mikataba. Wakiwa sita wenye uzoefu, kikosi cha mazoezi ndilo lengo la haki kwa mwaka huu. Wakiwa watatu, anagombea nafasi iliyo wazi.