Jibu: Koru kwa nembo ya mradi wa darasa

Umeuliza uanzie wapi na koru. Anza na mmea wenyewe, si picha za mtandaoni. Koru ni jani changa la kangaga lililojikunja. Kwa Wamaori, wenyeji asilia wa New Zealand, huashiria uhai mpya na kukua. Lipige picha limejikunja, nusu, na limefunguka, kisha chora vichoro vidogo kumi kwa penseli. Wengi huchora mstari wa unene mmoja, wanapata konokono! Shina lijipinde liishie kwenye kichwa cha duara, na nafasi nyeupe nayo iwe na umbo, kama kowhaiwhai, michoro ya nyekundu, nyeusi na nyeupe kwenye makombamoyo ya wharenui, nyumba yao ya mikutano. Tā moko, tatuu ya jadi ya Wamaori, usiiguse: ile hubeba nasaba ya mtu.