Re: Kompyuta ya gemu imezeeka, niiboreshe au nitafute nyingine?

Mkuu, umesema una prosesa ya Core i5-4590, RAM ya GB 8 na kadi ya grafiki ya GTX 960, bajeti finyu, na gemu mpya zinakwamakwama. Kabla hujatoa hela, fungua gemu kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itafunguka Task Manager inayoonyesha kila kifaa kinatumika kwa asilimia ngapi. Prosesa ikigonga asilimia 100 huku kadi ya grafiki inacheza kwenye 60, kadi mpya haitakusaidia kitu. Kwako nahisi ndivyo ilivyo: hiyo prosesa ni ya 2014, ina kori (sehemu za kuchakata kazi) nne tu.

Shida ni kwamba ukiitoa, madabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na RAM navyo vinaondoka, maana madabodi yako ni ya soketi 1150 na RAM ni DDR3, za zamani ambazo prosesa mpya haziingiliani nazo. Mimi ningetafuta prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya B550 na RAM ya DDR4 ya GB 16, hata vilivyotumika. Kesi baki nayo. Hiyo 960 usiiuze mapema: 5600 haina grafiki ya ndani, bila kadi utawasha mashine ukodolee skrini nyeusi. Pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) tu ndiyo usinunue ya mtumba, tafadhali.

Halafu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa yako.