Fundi akianza kuchanganyikiwa juu ya paa, mshushe na ummwagie maji

Mimi ni fundi wa kupaua hapa Tabora mjini, mwaka wa 19 huu. Kila anayefanya kazi hii anaijua Oktoba. Mvua zinanukia, kila mwenye nyumba anataka bati liwe juu kabla ya Novemba, na simu inaita tangu alfajiri. Huo huo ndio mwezi wetu wenye joto kali kuliko yote. Kazi zinajazana katika siku ambazo mwili haupaswi kuwa juu ya bati kabisa, na katika msimu kama huo nusura nimpoteze mpwa wangu.

Alikuwa ametoka Njombe, kwenye baridi ya kuvaa sweta hadi saa nne asubuhi. Kesho yake tu nikampandisha kwenye kenchi. Hapo nilikosea, kwa sababu mwili ambao haujazoea joto unahitaji wiki moja hadi mbili za kupandishwa kidogo kidogo: leo saa mbili za kazi, kesho tatu. Mimi nilimpa kutwa nzima, siku tatu mfululizo, na asubuhi ya siku ile alikuwa amekunywa chai kavu tu.

Saa nane mchana nikaona anapiga misumari bondeni. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo, maji ya mvua yapite pembeni. Hilo alilijua vizuri, asubuhi alikuwa amepiga mistari miwili safi. Nikamwita, akanitazama kama hanijui. Akaniuliza ngazi iko wapi, na mkono wake umeishika hiyo ngazi.

Tulimshusha akitetemeka, ngozi yake ya moto kama ile bati yenyewe. Majirani wakasema malaria imempanda kichwani. Mmoja akakimbilia duka la dawa kutafuta panadol. Sisi tukampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, jua la utosini, hadi zahanati. Wakampima malaria, hakuna. Wakampima joto, imepita nyuzi 40. Muuguzi hakungoja: alimvua shati, akammwagia ndoo ya maji, akamwekea vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja, huku mwenzake anampepea na boksi. Baada ya hapo ndipo alipotugeukia na kutuuliza kwa nini hatukufanya hivyo palepale saiti, na pipa la maji ya kuchanganyia zege lilikuwa pale pale tulipomlaza. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nisomeni vizuri. Mtu aliyekuwa juani au kwenye joto akianza kuongea vitu visivyoeleweka, akapepesuka au akaanguka, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha. Wakati huo huo mwingine atafute usafiri, na njiani muendelee kumlowesha. Kila dakika ubongo unayokaa kwenye joto lile unaumia. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu, atapaliwa. Na usidanganyike ukiona bado anatoka jasho. Mtu wa kazi nzito anaweza kuzidiwa kabisa na bado ameloa.

Panadol haisaidii hapa. Homa ya malaria ni mwili wenyewe umeamua kupandisha joto, na panadol inaushawishi uteremshe. Joto la juani ni tofauti: mwili unataka kushuka, umeshindwa. Kipimo cha malaria kifanyike, tena bila kukosa, maana kwetu malaria ipo na inaua. Ninachoomba ni kwamba maji yatangulie, kipimo kifuate.

Mwili wetu unataka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi, na njia yake kubwa ya kujipoza ni jasho kukauka juu ya ngozi. Nilipata kazi ya miezi miwili Kigoma, karibu na ziwa, nikashangaa: nilikuwa natiririka na sipoi, kwa kuwa hewa ya pale ina unyevu na jasho linadondoka badala ya kukauka. Tabora ya Oktoba ni kavu. Jasho linakauka hata hujaliona, unadhani hujapoteza maji, kumbe shati lina ramani nyeupe ya chumvi mgongoni. Ukiona ramani hiyo, na mkojo umekuwa rangi ya chai, umechelewa kunywa.

Vijana wangu sasa wanakunywa kikombe kila baada ya dakika 15 au 20, kiu iwepo isiwepo. Maji matupu mengi sana kwa mkupuo nayo si salama, yanaipunguza chumvi ya damu. Siku nzito tunachanganya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, au tunatumia pakiti ya ORS.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni diklofenaki. Mafundi tunaumwa migongo, tunameza kidonge asubuhi, tunapanda juu bila maji. Dawa za jamii hiyo zinaibana figo wakati mwili umekauka. Nikaragua na El Salvador, huko Amerika ya Kati, wakata miwa vijana, wasio na kisukari wala presha, wamekuwa wakifa kwa figo, na wataalamu wanahusisha hilo na kazi nzito kwenye joto bila maji ya kutosha. Nilipolisoma hilo nilivitoa vidonge vyote kwenye mkoba wa vifaa. Na wewe mwenye vidonge vya presha vinavyokukojoza, usiviache kwa uamuzi wako. Muulize daktari kabla joto halijafika.

Ratiba nayo nimeibadili. Tunapanda saa kumi na mbili asubuhi, saa tano tumeshuka, tunarudi saa kumi jioni. Wenye nyumba walinung'unika mwanzoni, kwa hiyo siku hizi napatana bei ya kazi nzima badala ya kutwa, na hakuna anayesimama chini akihesabu saa zake.

Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko wote uliowahi kupimwa duniani, na miyombo yetu inazidi kwenda kwenye mkaa. Anayeumia si fundi peke yake. Bibi aliyelala mchana ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, mama mjamzito, mtoto mchanga aliyefunikwa blanketi kwa mazoea, wote wako kwenye hatari ile ile, tena kimyakimya. Wafungulieni madirisha jioni, wapanguseni kwa kitambaa cha maji, na mchana wahamishieni chini ya mwembe.

Na kama unajenga mwaka huu, mwambie fundi wako aache matundu ya hewa chini ya paa pande mbili, yawekewe wavu wa mbu, na dari iwekwe hata kama ni ya chumba kimoja cha mzee. Ni wavu kidogo, mbao chache na siku moja ya kazi.