Usisubiri mwanaume ndo uanze kliniki

Juzi kuna mdogo wangu kaniandikia inbox, yuko huku huku kanda ya ziwa, mimba ina miezi mitano na hajakanyaga kliniki hata siku moja. Umuhimu anaujua vizuri. Anasema aliyempa mimba kaenda machimbo na simu hapokei, na majirani wamemwambia ukienda bila mwanaume unarudishwa. Kwakweli ile meseji ilinikasirisha, sio yeye, kilichonikasirisha ni kwamba jambo lililonipata mimi miaka ile bado watu linawapata.

Mimi mwanangu nilimbeba nikiwa Katoro nauza chakula. Baba yake aliposikia habari akabadilisha laini, basi. Nikaenda zahanati ya karibu mimba ikiwa bado changa, nimewahi kabisa kabla jua halijachomoza, tumekaa kwenye benchi nesi akatoka akasema waliokuja na wenza wao wapite mbele. Wakapita, hata waliofika saa nne. Zamu yangu ilipofika akauliza kwa sauti mbele za watu wote, "Mwenzio yuko wapi?" Nikasema hayupo. "Kalete barua ya mwenyekiti wa mtaa ndo tukuandikishe." Pembeni yangu kulikuwa na binti rika langu, naye yuko peke yake, aliposikia yale maneno akakunja khanga yake akainuka akaondoka, hata jina hajaandikisha. Yule binti huwa namuwaza mpaka leo, sijui alijifungulia wapi.

Kwa mwenyekiti nako ni mtihani mwingine. Nimeingia nimesema shikamoo, nimejieleza, mzee ananiuliza nani kakupa mimba, mlijuana wapi, kwenu wanajua? Maswali yasiyo na uhusiano wowote na barua. Afu ikaja hela ya muhuri. Nikatoa, maana nilishaapa kwamba mimi mtoto wangu hatokosa vipimo kwa sababu ya mtu aliyekimbia.

Naelewa kwanini wanataka wenza waje, mpimwe wote VVU na kaswende, na baba azijue dalili za hatari, ni jambo zuri sana na kama mume unaye nenda naye. Ila likigeuzwa kuwa sharti la kufungua mlango, wanaobaki nje ni wale wale wasio na mtu wa kuwasaidia.

Miezi ya katikati haina la kusimulia, vidonge vya kuongeza damu, dawa ya malaria, chandarua, kupimwa tumbo. Mimba ilipofika mwezi wa nane ndo nilianza kuumwa kichwa na miguu kuvimba, mi nikajua ni kusimama sana jikoni, jirani akasema ni kawaida ya mimba ya kwanza. Siku ya kliniki ikafika nikaenda, nesi mwingine, mama mtu mzima, akanifunga ile kitu ya presha mkononi, akasoma, akafungua akafunga tena mkono wa pili. 160 kwa 110, iko juu sana. Mkojo una protini, nayo ni dalili ya hatari. Akaniambia, "Mwanangu, leo hurudi nyumbani." Gari la wagonjwa halikuwepo, tukakodi taksi kwa hela niliyokuwa naidunduliza kwenye simu, hospitali kubwa wakanifanyia upasuaji kabla kifafa cha mimba hakijanianza. Katoka mdogo sana, ila leo yuko chekechea anaandika jina lake mwenyewe. Nikimwangalia najisikia fahari na siwezi kuficha. Ningeondoka siku ile kama yule binti, nani angenipima presha?

Tanzania tumepiga hatua, tuseme ukweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 unaonesha vifo vya kinamama 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2015/16 ulisema 556. Wanaojifungulia vituoni wametoka asilimia 63 mpaka 81. Lakini hiyo ina maana karibu mmoja kati ya watano bado anazalia nyumbani au njiani, na usiniambie wote hao ni umbali, wengine walishafika mlangoni wakaaibishwa.

Sasa wadogo zangu nisikilizeni. Anza mapema. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mahudhurio manane, na la kwanza kabla ya wiki 12, kwahiyo anza mapema, na kama umechelewa anza kesho. Dunduliza hela kwenye simu yako na namba ya siri uijue wewe, kwa sababu sera inasema huduma ya mjamzito kituo cha serikali ni bure, ila ukifika na uchungu unaambiwa gloves, pamba, nyuzi, mpira wa kulalia, vya kubana kitovu, na ukiwa huna unasemwa. Na save namba 115, ni ya m-mama, haikatwi hela, ukipata dharura ya uzazi wanakutafutia usafiri, enzi zangu kwetu haikuwepo. Kingine ni kuanza mapema, narudia.

Na nyie wanaume, mimba haiishii kwenye kukataa simu. Wakwe zetu, ruhusa ya kwenda hospitali haiombwi kikao cha ukoo huku mtu anavuja damu. Manesi, najua mko wachache na mnachoka, ila lile swali la mwenzio yuko wapi mkiliuliza ndani ya chumba mlango ukiwa umefungwa mnapungukiwa nini?

Mdogo wangu ulieniandikia, Jumatatu nenda. Barua kachukue kabisa wikiendi hii, nenda na shangazi au mtu mzima yeyote akusemee, wasikupotezee muda. Wakikurudisha usiondoke, omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Namba yangu unayo, nipigie ukiwa hapo hapo kwenye benchi nitaongea nao.