Ukumbi wa mtaa Dodoma, eisi ya nini?

SWALI: Habari mtaalamu. Mi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Dodoma, tuna kiwanja mita 40 kwa 60, barabara iko magharibi. Tunataka jengo moja la mikutano, harusi na kliniki ya watoto, na nje watu wapumzike. Fundi anasema mbele iwe barabarani, vioo vikubwa, tufunge eisi. Ni sawa?

JIBU: Salama mwenyekiti. Hapana aisee, hivyo vioo mtavijutia. Jua la saa kumi jioni liko chini, linaingia mpaka katikati ya ukumbi na hakuna kibaraza cha kulizuia, ndo hapo eisi inaanza kula luku. Jengo lilale mashariki-magharibi, pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, maana huko jua la mchana linapita juu na paa likitokeza mita 1.2 tu madirisha yanakaa kivulini. Geti libaki barabarani sawa, ila magharibi wekeni stoo na vyoo, milango ya vyoo ifungukie nje ili hata mama wa mbogamboga atumie bila ukumbi kufunguliwa. Kliniki nayo iwe na mlango wake.

Upepo wenu mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki, kwahiyo kusini weka tofali za matundu chini, kaskazini matundu yawe juu kabisa, hewa ya moto ipande itoke. Bati linyanyue juu ya dari, kati pabaki wazi upepo upite, msanifu majengo Francis Kéré alifanya hivyo shule ya kijiji cha Gando kule Burkina Faso mwaka 2001 na kule joto ni kali kuliko kwenu. Dari pia inapunguza kelele, mi niliwahi kuchora ukumbi wa bati tupu, mvua ikaja mkutano ukasimama nusu saa watu wanatazamana tu.

Maji msiyaache yapotee. Paa la mita za mraba 600, mvua ya milimita 10 tu inajaza simtanki la lita 5,000, na mvua zenu zinakaa Desemba mpaka Aprili halafu basi, kwahiyo chimbeni tenki kubwa la chini, yale maji ya kwanza yenye vumbi yamwagwe.

Nje msipige pevingi kote, inarudisha joto ukumbini na maji hayazami. Na tafadhali sio miashoki, imesimama kama mshumaa, kivuli chake hata baiskeli haienei. Pandeni mwarobaini na mkwaju, Desemba hii hii mvua zikianza, hata kama hela ya msingi haijapatikana, na mzungushie miba, mbuzi wa huko unawajua.