Neno Lisilotaka Kuulizwa

Mwanangu wa kwanza ana selimundu, ugonjwa wa damu. Tuligundua akiwa na miezi tisa, vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba vyote kwa pamoja na mimi nikadhani ameng'atwa na wadudu. Sasa ana miaka 11. Wiki iliyopita, kliniki hapa Mwanza, mama mmoja kijana alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nimeambiwa mtoto ameshafunguliwa, niache dawa. Nikiendelea kumpa, si nitakuwa nimekosa imani?" Nikamshika mkono, tukakaa kwenye benchi chini ya mti, tukaongea hadi jina la mwanawe likaitwa. Muda haukutosha. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa ajili yake na wengine walio mahali alipo.

Mdogo wangu, mimi niliziacha hizo dawa.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Mwaka ule alikuwa amelazwa mara nne, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kusema kwamba kwetu kuna laana ya ukoo. Wifi yangu, kwa mapenzi mema kabisa, akanipeleka kwenye mkesha. Katikati ya usiku mhubiri akanisimamisha. Akasema anaona mtoto, anaona damu. Nikaanza kulia kabla hajamaliza. Akasema mtoto amefunguliwa usiku huo huo, na nikivigusa tena vile vidonge nitakuwa nimemfungulia adui mlango. Nitoe sadaka ya kufunga agano kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Na nisimwambie mume wangu, kwa sababu imani yake ni ndogo, ataharibu. Nilikuwa na shilingi 180,000 kwenye simu, za ada. Nikazituma nikiwa nimesimama pale pale.

Siku kumi na tisa zilipita vizuri. Niliwashuhudia watu watatu. Usiku wa ishirini mtoto akaanza kulia miguu, na kulipopambazuka macho yalikuwa ya manjano, midomo imepauka. Hospitali walipopima, HB, yaani kiwango cha damu, ilikuwa 4. Mume wangu akatoa damu. Kisha daktari akauliza, kama wanavyouliza siku zote, mara ya mwisho mtoto alikunywa dawa lini. Ilibidi niseme mbele ya wote wawili. Mume wangu hakunigombeza. Aliketi sakafuni kwenye korido akafunika uso na kofia yake, akakaa hivyo muda mrefu sana.

Mtoto alipona lile shambulio. Mimi ndiye niliyechukua muda mrefu zaidi, kwa sababu nilikuwa sijui tena kutofautisha sauti. Ile ya mkeshani niliiamini kwa moyo wote, nikalia machozi ya kweli. Ikiwa ile haikuwa ya Mungu, nitaijuaje iliyo yake?

Msaada wa kwanza niliupata kwa mtu ambaye sikumtarajia, sista muuguzi wa zamu ya usiku. Mimi si Mkatoliki. Alinikuta macho saa nane usiku, akanieleza kuhusu Inyasi wa Loyola, yule padre Mhispania wa karne ya 16 aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, ambaye alifundisha kwamba mtu akiwa katika ukiwa wa roho asibadilishe maamuzi aliyoyafanya akiwa katika utulivu. Asubiri. Giza si wakati wa kuhamisha mipaka ya shamba. Nilikumbuka kwamba uamuzi wa kumpa mtoto dawa kila siku tuliufanya mimi na mume wangu tukiwa na akili zetu, tumeomba, tumeelezwa na daktari. Ule wa kuacha niliufanya usiku, peke yangu, sijala tangu asubuhi, ngoma zinalia. Hilo peke yake lingetosha kunisimamisha, lau kama mtu angeniambia mapema. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Kisha nikarudi kwenye Biblia. Nilikuwa na Yeremia 29:11 ukutani sebuleni, kwenye kalenda: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Niliusoma mstari huo miaka mingi bila kusoma ulio juu yake. Wa kumi unasema miaka 70. Watu walioandikiwa maneno yale matamu walikuwa mateka Babeli, na barua ile ile iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, kwa sababu hawatoki huko karibuni.

Na sura iliyotangulia, ya 28, ndiyo ningependa kila Mkristo aliye kwenye jaribu aisome polepole. Nabii Hanania anasimama nyumbani mwa BWANA, mbele ya makuhani na watu wote, na kutabiri kwamba ndani ya miaka miwili mambo yote yatarudi: vyombo vya hekalu, mfalme, mateka. Yeremia yupo pale na nira ya mti shingoni, ishara ya kuitumikia Babeli. Anajibuje? Anasema, "Amina." Anatamani iwe kweli! Hilo lilinigusa, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujichukia kwa kutamani mwanangu apone. Kutamani si kosa. Kisha Yeremia anatoa kipimo: nabii atabiriye amani atajulikana neno lake litakapotokea. Hanania anakasirika, anaivua ile nira na kuivunja mbele ya watu. Maandiko yanasema Yeremia akaenda zake. Nabii wa Mungu aliondoka bila jibu! Hakubishana, hakujifanya amesikia kitu. Neno la BWANA lilimjia baadaye, na lilikuwa zito: umevunja nira za mti, mahali pake zitakuja za chuma. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Akafa mwezi wa saba.

Yeremia alisubiri. Mimi sikumpa Mungu hata saa moja.

Siku hizi, nikipewa neno, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuuliza maswali. Naangalia nini kinatokea. Naomba siku tatu. Nasema nitazungumza na mume wangu, na mchungaji wetu, na daktari. Lililo la Mungu huvumilia hayo yote. Gideoni alimwomba ishara ya ngozi, ikaja, akaomba tena kinyume chake, na Mungu akampa bila kumkaripia. Mariamu aliuliza, "Litakuwaje neno hili?" akajibiwa. Waberoya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Luka anawaita waungwana. Najua kuna atakayeniletea Zakaria aliyefanywa bubu kwa kuuliza. Ni kweli, na mimi nilihangaika naye. Lakini soma hadi mwisho: ahadi haikuondolewa. Yohana alizaliwa. Malaika hakumwambia Zakaria kwamba kwa swali lake mtoto amepotea. Mimi niliambiwa hivyo, kwamba nikimshirikisha tu baba wa mtoto muujiza utaharibika. Muujiza gani huo, unaoharibiwa na mzazi kuujua?

Haraka, siri na hela vikija pamoja, kimbia. Siandiki kwa chuki. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu, watoto wakiwemo. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliochoka, kama nilivyochoka mimi, na waliambiwa kuuliza ni dhambi.

Huku kwetu Usukumani mchungaji wa ng'ombe hutembea nyuma ya kundi na fimbo yake. Nimekua nikiona hivyo, kwa hiyo nilipokuwa mdogo nilimfikiria Yesu vivyo hivyo, yuko nyuma, ananiharakisha. Yohana 10:4 inasema kinyume chake: akiwatoa kondoo wake "huwatangulia," nao humfuata kwa maana waijua sauti yake. Nimeirudia miaka yangu ya wokovu nikitafuta mara moja tu ambapo Bwana alinikimbiza kwa hofu nifanye jambo kabla ya alfajiri. Sijaipata. Amenikemea, ndiyo, tena vikali. Hajanikimbiza.

Ila usivuke ukaangukia upande wa pili. Baada ya yale nilikaa karibu mwaka mzima nikidharau kila anayesema "Bwana ameniambia." Paulo anawaandikia Wathesalonike, "msitweze unabii. Jaribuni mambo yote. Lishikeni lililo jema." Yote matatu kwa pamoja. Lililonirudisha lilikuwa neno la bibi mmoja wa kanisani kwetu, mjane, asiyepanda madhabahuni hata siku moja. Alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi, akasema, "Mwanangu, nilipokuwa naomba nimesikia nikwambie ulale. Mtoto leo nipe mimi." Akavua viatu, akakaa na mwanangu hadi jioni, akampikia uji, akamkanda miguu, akampa dawa zake kwa saa zake. Nililala masaa saba. Lile lilikuwa neno la Mungu, sina shaka hata chembe. Tazama nani alilipa. Neno la mkeshani lilinigharimu mimi ada ya mtoto na karibu lichukue na mtoto. Neno la bibi lilimgharimu yeye aliyelisema siku yake nzima. Tangu hapo naangalia sana hilo.

Kuhusu laana ya ukoo: daktari alituchorea kwenye karatasi. Mimi nina kirithi (jeni) kimoja cha selimundu, mume wangu ana kimoja, sisi wenyewe wazima kabisa. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Nilimwonyesha mama mkwe ile karatasi. Aliiangalia kwa muda, akasema, "Kumbe na kwetu." Hajasema tena habari ya laana. Ukweli nao ni sehemu ya kupambanua roho, usiuogope. Na mtoto wako usimwachishe dawa bila daktari wake kujua. Mwombee ukiwa unampa. Mimi huwa naomba nikiwa nimeshika kidonge mkononi.

Sasa imani yenyewe. Unaishikaje wakati hakuna kinachobadilika? Kuna miezi ambayo sikuweza kuimba. Nilikwenda ibadani nikakaa, wengine wakaimba. Zamani ningejilaumu. Lakini Marko anasema Yesu alimsamehe yule mwenye kupooza alipoiona imani yao, wale wanne waliotoboa dari. Ya mgonjwa mwenyewe haikutajwa. Ruhusu kubebwa. Kama huna watu wanne, tafuta wawili, uwaambie ukweli wote, hata sehemu ya aibu. Mimi siri ndiyo iliyonimaliza, na kuisema ndiko kulikonifungua, kwanza kwa mume wangu pale koridoni, kisha kwa akina mama wa jumuiya yetu.

Na lalamika kwa Mungu. Mlalamikie yeye mwenyewe, usilalamike juu yake pembeni. Marafiki wa Ayubu walimtetea Mungu sura baada ya sura kwa maneno mazuri, na mwishoni Mungu akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule aliyekuwa akilia na kudai kujibiwa. Walifanya vema zile siku saba za kwanza tu, walipokaa naye chini kimya. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina mstari wa faraja mwishoni, na bado imo kitabuni. Usiku ambao sina maneno huisoma hiyo.

Bwana alimwambia Petro kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano. Ningetegemea amwambie: nimemkatalia. Akasema, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike," yaani isiishe. Ungo utatikiswa. Mtu aliyewahi kupepeta mpunga anajua kinachopeperuka ni makapi, na anajua pia kwamba punje nazo zinarushwa juu. Nimeacha kuomba nisipepetwe. Naomba isitindike.

Bado naomba mwanangu apone kabisa. Kila siku. Naamini Mungu anaweza, na nasema pamoja na wale vijana watatu mbele ya tanuru, "Bali kama si hivyo."

Mwezi uliopita, msimu wa baridi, miguu ilimuuma tena. Nilimpa dawa ya maumivu, maji mengi, nikamfunika blanketi mbili, nikakaa kitandani kwake. Akaniuliza, "Mama, Mungu ataniponya lini?"

Nikasema, "Sijui, baba."

Akanyamaza kidogo. "Basi tusome ile ya hata lini."

Ni Zaburi ya 13, ina mistari sita. Tulianza pamoja. Alisinzia kwenye wa nne. Wa tano na wa sita nilimalizia peke yangu, kwa sauti ya chini nisimwamshe, na yale maneno ya mwisho, "kwa kuwa amenitendea kwa ukarimu," nilikaa kidogo kabla ya kuyatamka.